Nimefuta ile video ya Pipeline, wacha niwaeleze

Watu wangu, mmenijaza meseji mkiuliza ile video ya "Keja ya 6,500 Nairobi" ilienda wapi. Niliifuta mwenyewe. Hakuna mtu aliyeiripoti, sijatishwa, na sijahongwa na mwenye ploti kama vile baadhi yenu mlishaamua kwenye komenti. Niliifuta Jumapili usiku ikiwa imetazamwa zaidi ya mara 400,000, na ndiyo hiyo iliyonitoa wafuasi 2,000 ikanifikisha 31,000. Kwa kijana anayejaribu kula kupitia simu, hiyo si kitu ndogo. Kwa hivyo mna haki ya kuelezwa, na maelezo yenyewe hayatoshei kwenye klipu ya dakika moja. Leo mtasoma.

Kwa wale hawakuiona: inaanza nikiingia geti la ploti yetu hapa Pipeline, Embakasi. Nasema, "Saa hii ni saa saba mchana, naapa," halafu nazima tochi ya simu na skrini inabaki nyeusi kabisa. Hapo ndipo watu walicheka sana. Kisha napanda ngazi nikihesabu gorofa na kuhema, napita korido ya gorofa ya tano, naonyesha kamba za nguo, mitungi ya maji ya rangi zote, choo tunachotumia nyumba nne. Mwisho naingia kwangu, nafungua dirisha, nanyoosha mkono na kugusa ukuta wa jengo la jirani. "Nikikosa chumvi naomba hapa hapa." Mzaha mzuri, najua. Niliurudia mara sita ndio ukakaa sawa.

Hakuna uongo hata mmoja kwenye hiyo video. Hapo ndipo kuna shida.

Nilikuja Nairobi mwaka wa 2021 nikakaa kwa mjomba Umoja miezi minane. Umoja ilianza miaka ya 1970 ikiwa mtaa wa vijumba vya chini vya watu wa mshahara wa kadiri. Siku hizi watu wameongeza vyumba juu na kando hadi nyumba ya asili unaitafuta kwa macho huioni. Mjomba ana watoto watatu na mimi nililala kwa kochi. Hakuwahi kuniambia niondoke. Lakini anti alianza kukunja blanketi yangu kabla sijaamka vizuri, na mtu mzima huelewa.

Ukitafuta keja ya bei nafuu upande huu wa jiji, utazunguka Kayole, utarudi Umoja, utajaribu Donholm ushtuke, utapita Tassia, na mwishowe utajipata Pipeline. Hesabu ndiyo inakuleta huku. Kutoka hapa mtu anaweza kutembea kwa miguu mpaka Industrial Area, na kwa mtu wa kibarua cha kulipwa kwa siku, nauli ya kwenda na kurudi ndiyo chakula cha jioni. Saa kumi na moja alfajiri ukiwa bado umelala utasikia ngazi za jengo zima zikigonga kama mvua ya mawe kwa mabati. Watu wanashuka kwenda kazini, na wengine wanashuka kwenda tu kusimama kwenye geti la kiwanda kuona kama leo watachaguliwa. Saa kumi na mbili jengo linanyamaza. Saa moja wanaanza watoto.

Katika ploti yetu, bei inashuka kadiri unavyokosa mwangaza. Vyumba vinavyoangalia barabara ni 8,500. Vya katikati, vinavyoangalia ukuta, ni 6,500. Nilikuwa na 15,000 nilizopata kwa kupiga picha harusi mbili. Nikalipa kodi ya mwezi, dipoziti ya mwezi mwingine, 1,000 ya stima, na 500 ya keateka ambayo haina risiti wala jina. Nikabaki na 500. Nikanunua ndoo na kufuli. Godoro alinipa mjomba, na nadhani anti ndiye aliyesukuma hiyo zawadi.

Wacha niseme kuhusu giza, kwa sababu kwenye video niliufanya mzaha. Wiki ya kwanza niliamka mara mbili nikidhani ni usiku, nikarudi kulala, kumbe ni saa nne asubuhi na watu wameshakunywa chai ya pili. Mwili unapoteza saa. Nguo hazikauki, zinachoka tu. Kuna harufu fulani ya shati lililokaukia kivulini, na ukishaijua utaitambua kwenye matatu, utamwangalia mtu na kujua, huyu ni wa kwetu. Taa inawaka kutoka unapoamka mpaka unapolala, kwa hivyo tokeni unazonunua si za usiku peke yake, unanunua na mchana pia. Sikuwahi kufikiria kwamba mchana unaweza kuwa kitu cha kununua. Nyumbani kwetu ulikuwa unaingia tu, hata pale usipoutaka.

Juu ya paa ndiko jua liko. Mlango wa paa una kufuli, kwa sababu nguo ziliibiwa sana, na ufunguo anao keateka. Jumamosi anafungua. Hapo utaona kina mama wamebeba watoto wachanga na mabeseni ya nguo pamoja, wanapanda gorofa saba kuwaotesha watoto jua. Jirani yangu wa korido, ambaye hapa kila mtu humwita Mama Pacha, ameniambia kwamba hao mapacha walipokuwa wachanga, muuguzi wa kliniki alimwambia wapate jua la asubuhi kila siku. Kila siku, na kufuli inafunguliwa Jumamosi! Akawa anamletea keateka chapati mbili kila asubuhi ndio amfungulie. Mpaka leo anakumbuka hesabu ya hizo chapati.

Na hiyo 6,500 yenyewe si 6,500. Mwezi jana niliandika kila kitu. Stima 900. Maji ya kununua, ule mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20, ambao wiki mbaya unafika 50, jumla 1,200. Takataka 150. Kusafisha choo 100. Wi-Fi tunayochanga watu watatu, 500. Jumla 9,350. Sasa, 9,350 inakaribia kodi ya bedsita yenye choo ndani na dirisha linalofunguka kwa hewa, ukikubali kukaa mbali kidogo. Basi mbona mtu asihame? Kwa sababu ile nyumba nyingine inataka 20,000 kwa mpigo siku ya kuingia, na hapa unatoa mia leo, hamsini kesho. Watu wengi kwenye komenti waliandika "mngejipanga." Mtu anayelipwa kwa siku anajipanga kwa siku.

Kitu kingine, kabla sijafika kwenye kilichonifanya niandike. Msiwaambie watu wa hapa wanaishi slamu. Mtagombana. Watu wengi walihama kutoka nyumba za mabati ndio wakaja huku, na kwao hiyo ni kupanda ngazi kwa maana zote mbili. Hapa kuna gorofa, kuna vigae sakafuni, kuna geti linalofungwa saa tano usiku. Vigae ndio fahari ya Pipeline. Kila tangazo la nyumba litakuambia vigae kabla ya kukuambia maji. Kuna mwanaanthropolojia wa Ujerumani anayeitwa Mario Schmidt aliyefanya utafiti hapa na kutoa kitabu mwaka wa 2024 kuhusu wanaume waliohamia Nairobi kutafuta maisha na ile presha ya kuonekana mwanaume. Mtu akaja kutoka Ujerumani akaona tuna hadithi ya kujaza kitabu. Mimi niliyezaliwa Kenya na ninayelala humu nikaona vichekesho vya dakika moja na nusu.

Sasa maji. Bomba letu hutoa maji Jumatano na Jumamosi, alfajiri, huko chini kwenye ua. Kupanda juu hayana nguvu. Mtu hapangi foleni mwenyewe, mtungi ndio unapanga. Unauweka usiku ukiwa na alama yako, asubuhi unakuja unapoitwa. Mitungi yangu ina tone la rangi ya kucha, ya bluu. Hiyo rangi ni ya Mama Pacha. Mwezi wangu wa kwanza sikujua utaratibu, nikalala Jumatano ya kwanza, nikalala Jumamosi. Jumatano ya pili mlango ukagongwa kama polisi wamekuja. "Wewe wa simu! Amka, maji!" Hakuwa anajua jina langu. Alikuwa ameniona tu na simu kila saa, na mpaka leo ploti nzima inaniita Wa Simu.

Mwaka jana nilipata kazi ya kupiga picha Kisumu, siku tatu. Nikasahau kabisa kwamba Jumatano ingenikuta huko. Niliporudi Ijumaa, mitungi yangu mitatu ilikuwa mlangoni imejaa, imefunikwa. Sikuuliza. Baadaye mmoja wa mapacha, yule msichana, akaropoka kwamba walibeba wao, yeye na ndugu yake, kwa vile vijitungi vya lita tano, kila mmoja safari sita, gorofa tano. Mama yao hakuwahi kunitajia. Nilimpelekea mkate na maziwa, akasema asante, yakaisha.

Hiyo haimo kwenye video. Haimo kwa sababu siku nilipokuwa nikirekodi sikuiona kama kitu cha kurekodi. Nilikuwa natafuta giza, na nikalipata.

Kwenye komenti mlileta siasa, na ni haki yenu. Wengine mlisema, "Ndio maana serikali inajenga nyumba nafuu." Sawa. Kwenye payslipu asilimia 1.5 ya mshahara inakatwa kwa ajili ya nyumba hizo, na mwajiri anatoa kiasi kama hicho. Mambo yalifika kortini, kisha Sheria ya Nyumba Nafuu ikapitishwa Machi 2024 na makato yakaendelea. Mwaka wa 2025 watu walianza kupewa funguo za nyumba huko Mukuru, si mbali na hapa. Mimi si mtu wa kuchukia jengo lenye madirisha. Ningependa kila mtu wa korido yetu apate moja. Lakini nilizunguka korido yetu, nyumba kumi, nikauliza nani ana payslipu. Wawili, askari wa usiku na dada wa supamaketi. Hao wengine wote hawako kwa karatasi yoyote. Mama Pacha anafua nguo za watu Nyayo Estate mchana na kupika chapati stejini jioni. Kwa lugha ya fomu, hana kipato. Kwa lugha ya ploti, hajawahi kuchelewesha kodi.

Na sheria zetu zina ucheshi wao. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha, na kiwango kinachofaa cha usafi. Halafu kuna sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, yenye jopo lake la kumkinga mpangaji asipandishiwe kodi ovyo. Nilifurahi sana nilipoisoma, mpaka nikafika mahali inaposema inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa ploti yetu, 2,500 inalipia kona ya chumba.

Niliisoma kwa sababu wiki mbili baada ya video, karatasi ilibandikwa getini. Kuanzia mwezi ujao vyumba vya ndani ni 7,000. Sisemi video ndiyo ilileta. Kodi hupanda hata bila mimi. Lakini kwenye komenti watu walikuwa wameandika mara mia, "6,500 Nairobi? Hiyo ni bure," na tukiwa tumesimama pale getini tukisoma, keateka akaniangalia akasema, "Si ulituambia ni bei ya chini?" Alikuwa anatania. Wawili walicheka. Wengine sita walinigeukia, na hakuna mtu alisema kitu.

Sasa Mama Pacha.

Kwenye video kuna sehemu ya sekunde tisa nikipita kwenye korido. Upande wa kushoto mlango wake uko wazi, ndani ni giza, na nje mapacha wamekaa sakafuni na vitabu, migongo kwenye ukuta, wanaandika chini ya taa ya korido. Wako gredi ya nne. Juu yao kuna kamba yenye nguo za ndani za familia nzima. Mimi napita, nasema, "Na hapa ndipo mahabusu wadogo wanafanyia homuweki." Nilidhani ni utani wa kawaida. Watu wakaweka alama za kucheka. Mmoja akaandika, "Watoto wa pango." Ile komenti ilipata likes 3,000, nikaibandika juu kabisa, kwa sababu ukibandika komenti ya kuchekesha video inaenda mbali zaidi. Mimi mwenyewe niliibandika, na mkono wangu.

Jioni moja nilikuwa napanda, nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya gorofa ya nne na beseni la unga miguuni. Nikajua ananingoja, kwa sababu huo ni wakati wa chapati na yeye huwa stejini.

"Wa Simu, hebu keti kidogo."

Nikaketi.

"Ile siku ulipita hapa ukiongea na simu, uliniona?"

"Nilikuona, Mama Pacha."

"Ulinisalimia?"

Nikajaribu kukumbuka. Alikuwa ndani, akikanda unga. Mimi nilikuwa nahesabu sekunde.

"Kila siku wewe hunisalimia," akasema. "Hiyo siku ulipita kama kanjo."

Hakupaza sauti. Akanieleza kwamba mwanafunzi mmoja aliletewa hiyo video na kaka yake, ikazunguka, na sasa shuleni mapacha wanaitwa hilo jina la kwenye komenti. Mvulana alipigana. Msichana hakupigana, aliacha tu kutoka na vitabu korido. Alhamisi alisema anaumwa tumbo, Ijumaa akasema anaumwa tumbo, na ni mtoto ambaye hupenda shule mpaka inaudhi. Na yule mama anayemfulia nguo Nyayo aliona pia, akamuuliza kwa upole, "Kumbe ndio unaishi hivyo?" Akampa mfuko wa nguo kuukuu. "Alinihurumia," Mama Pacha akasema, na jinsi alivyolisema hilo neno sijawahi kusikia mtu akitukana vizuri hivyo.

Nikasema pole. Nikasema sikukusudia. Akaniacha nimalize.

"Ungeniambia tu," akasema. "Si eti ningekataa. Ningewasha taa. Ningewavalisha ile yunifomu mpya. Ningetoa hiyo kamba." Akatulia kidogo. "Niko na taa, unajua? Watu wanadhani sina taa."

Ana taa. Ana tokeni pia, siku nyingi. Watoto wanafanyia homuweki kwenye korido kwa sababu stima ya korido hulipwa na mwenye ploti. Saa mbili kila jioni, siku tano kwa wiki, kwa mwezi mzima: alikuwa amepiga hesabu na kuona inatoka pesa ya madaftari. Nimeishi mlango wa tatu kutoka kwake miaka mitatu na sikuwahi kujiuliza kwa nini wanakaa nje. Nilidhani ni joto.

Ningependa kuwaambia niliifuta video siku hiyo hiyo. Sikuifuta. Nilitoa ile komenti, nikajiambia hiyo inatosha. Kulikuwa na duka moja la magodoro lililonipigia likitaka nitengeneze sehemu ya pili na kuwataja, kwa 12,000. Hiyo ni karibu kodi ya miezi miwili. Walitaka video ya kwanza ibaki hewani ndio watu waunganishe. Nikakaa nayo siku nane. Siku nane hizo nilikuwa nikishuka ngazi mapema na kurudi usiku, kama mtu anayedaiwa kodi. Jumatano nilishuka saa kumi alfajiri ili nichote na kupanda kabla hajatoka. Nilipofika kwenye foleni nikakuta mtungi wangu mmoja, ule uliochakaa alama, umepakwa upya rangi ya bluu. Sijui ni lini aliipaka, kabla ya ile jioni au baada. Sijaweza kumuuliza.

Jumapili nikaifuta. Duka halikujibu meseji zangu tena, na siwalaumu.

Lakini kufuta si kurudisha. Kuna akaunti zilizopakua zile sekunde tisa peke yake, zikaweka wimbo na sauti ya mtu mwingine. Nimeripoti tatu. Moja imetoa. Kwa hivyo mkiiona, nawaomba msiisambaze, hata kama ni kwa kunitetea.

Wengine mmeniuliza kama nahama. Alhamisi nilienda Utawala kuangalia bedsita ya 10,000. Dirisha lake linaangalia mashariki. Keateka wa huko alikuwa akinionyesha sinki na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, mahali jua lilikuwa limechora mraba, nimenyoosha miguu. Akaniuliza kama naumwa. Nyumba ni nzuri. Maji yanapanda. Nilipotoka nikasimama kwenye korido ya huko dakika kama tano, milango yote imefungwa, hakuna mtungi, hakuna kamba, hakuna mtoto. Nimewaambia nitawajibu mwisho wa mwezi. Pesa ya kuingilia ninayo karibu yote, na sehemu yake imetoka kwa hiyo video. Hilo nalo nalibeba.

Jana jioni nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikiandika hii kwa simu, kwa sababu mtandao unashika vizuri zaidi hapo. Yule msichana akapanda na daftari kwapani. Akaniona, akaona simu, akaligeuza daftari likamfunika uso na akapita akiegemea ukuta. Nikaiweka simu mfukoni. Nikamwita, "Homuweki ya leo ni ya nini?" Akiwa tayari amefika mlangoni akajibu bila kugeuka, "Sayansi." Akafunga mlango. Chini ya mlango nikaona taa ikiwaka.

Kesho ni Jumatano. Mitungi yao ni sita, yangu mitatu, na bomba linafunguliwa saa kumi na moja.